Kompteri itaandikwa kwa jina la nani? Umeme na haki ya kuchagua huko Kasongo na Kabambare

Kila mara umeme unapotajwa Maniema ya kusini, watu huuliza jambo moja: utafika siku gani? Swali hilo ni la haki. Lakini liko la pili ambalo halijaulizwa bado kwa sauti, nalo ndilo litaamua nani atafaidika siku nguzo za kwanza zitakaposimama: kompteri, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaita mita, itaandikwa kwa jina la nani?

Tunaliuliza mapema kwa sababu usiku wa Kasongo na Kabambare si giza tupu. Taa ziko, televisheni ya mpira iko, simu zinachajiwa. Watu wanalipia umeme tayari, kila wiki, na wengine kila jioni. Siku kampuni itakapofika, haitakuta watu wasiokuwa na kitu. Itakuta wateja wa mtu mwingine. Kwa hiyo kazi itakuwa kuhama kutoka kwa muuzaji mmoja na kwenda kwa mwingine. Na kuhama bila kompteri, ao na kompteri moja ya watu wengi, ni kazi yenye mitego.

Umeme uko, lakini ni wa jirani

Tuangalie kwanza namna watu wanavyoishi. Katika parsele moja mwenye duka ana grupe inayokula esanse ao mazutu. Jua likizama anaiwasha. Waya unatoka kwake, unapita juu ya mabati, unaingia kwa jirani wa kwanza, kwa wa pili, kwa wa tatu. Kila mmoja analipa kwa taa: taa moja bei fulani, televisheni bei nyingine. Saa tatu ao saa nne ya usiku grupe inazimwa, na kila mtu anatafuta tochi yake.

Wengine wana pano ya jua na batri. Mwenye pano kubwa naye anamgawia mdogo wake nyumba ya pili. Mashirika makubwa, sawa vile hospitali, misioni na antene za simu, yanajitengenezea umeme yenyewe. Kabambare iliona mfano mkubwa kuliko yote kule Namoya, karibu na Salamabila, ambako kampuni ya Banro ilianza rasmi uzalishaji wa dhahabu wa kibiashara mwaka 2016. Mgodi ulikuwa na mashine zake za mafuta. Mwaka 2019 Banro ilisimamisha kazi juu ya ukosefu wa usalama. Mtambo wa kiwanda unaweza kuwaka usiku kucha karibu na kijiji, na kijiji kikabaki na vibatari vyake.

Hii mipango yote ina kitu kimoja kinachofanana: hakuna kompteri. Hakuna anayepima. Mtu analipa taa bila kujua ametumia umeme kiasi gani.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Tuseme taa moja ya LED ya wati 5 inawaka saa 4 kila usiku, kwa siku 30. Mara moja: 5 mara 4 mara 30 ni wati-saa 600, maana yake kilowati-saa 0,6. Kama kwa mwezi taa hiyo inalipiwa faranga 3.000, basi kilowati-saa moja imefika faranga 5.000. Kila msomaji aweke bei yake mwenyewe ndani ya hesabu hii, na atashangaa. Faranga 3.000 zinaonekana makuta madogo. Zikipimwa, zinakuwa kati ya umeme wa bei kali kuliko wote.

Hatusemi kwamba jirani ni mwizi. Mafuta yanafika Kasongo na Kabambare kwa safari ndefu na barabara mbaya, na mashine ikivunjika ni yeye anayetafuta kipuri. Tena jirani ana mambo mazuri ambayo kampuni haitakuwa nayo: hadai garanti, haombi kitambulisho, na mama aliyekosa makuta juma hili anaweza kumwambia, "Baba, univumilie mpaka siku ya soko." Mwenye kufikiri kwamba watu watahama kwa furaha siku ya kwanza hajaijua hesabu ya nyumba maskini.

Sheria imefungua mlango, lakini kwa nani?

Tangu kuundwa kwake mwaka 1970, SNEL ilikuwa ndiyo umeme wa inchi nzima. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilimaliza hali hiyo: tangu hapo kampuni za watu binafsi zinaweza kutengeneza, kusafirisha na kuuza umeme. Amri za mwaka 2016 ziliunda ARE, mamlaka ya kusimamia sekta hiyo na kulinda watumiaji, na ANSER, yenye kazi ya kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji. Sheria inampa hata gavana wa jimbo sehemu yake kwa miradi inayohusu jimbo lake.

Kwenye karatasi tuko vizuri. Kwenye maisha, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba karibu Mkongo 1 tu kati ya 5 ana umeme, na vijijini karibu 1 kati ya 100. Mwezi wa Januari 2025, kule Dar es Salaam, viongozi wa Afrika walikutana juu ya mpango wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 kabla ya 2030, na Kongo ilikuwa kati ya nchi 12 za kwanza kuleta mpango wake. Kwa upande wa Maniema, mji wa Kindu ulitajwa mwaka 2023 kati ya miji ambayo kampuni ya Nuru ilipanga kuiwekea umeme wa jua. Kasongo na Kabambare ziko mbali zaidi, kusini na kusini-mashariki ya Kindu, na jimbo letu bado halijaungwa na waya kubwa za taifa. Njo maana umeme utakaofika huku, kwa miaka inayokuja, utakuwa wa mtandao mdogo wa pahali: pano nyingi uwanjani ao maporomoko madogo, kampuni moja, mji mmoja.

Tusikie vizuri hilo neno: kampuni moja. Sheria imeruhusu kampuni nyingi katika inchi. Haiwezi kumletea mtu wa Kasongo kampuni tatu mlangoni. Kwa hiyo ushindani wa kweli wa kwetu hautakuwa kati ya kampuni na kampuni. Utakuwa kati ya kampuni na jirani mwenye grupe, na pano ya mtu mwenyewe. Haki ya kuchagua itakaa hapo. Na haki hiyo itakuwa mkononi mwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye kompteri.

Goma, Kampala, Paris: namna tatu za kuhama

Watu wa Goma wamekwisha kupita njia hii. Kabla hata ya vita kuingia mjini Januari 2025, Goma ilikuwa na wauzaji kadhaa: SNEL yenye kuleta umeme wa Ruzizi, Virunga Energies yenye mtambo wa maji wa Matebe uliofunguliwa mwaka 2015, Nuru yenye pano za kilowati 1.300 kule Ndosho tangu 2020, na Socodee. Kila mmoja na nguzo zake, waya zake, kompteri zake. Kuhama kule ni kuanza upya: kulipa kuunganishwa, kuvuta waya mpya, kufunga kompteri mpya. Njo maana wenye uwezo wamebaki na kompteri mbili ukutani, moja ikizimika wanageukia nyingine. Asiye na uwezo anabaki pale alipoanza.

Kampala wamefanya kinyume. Tarehe 31 Machi 2025 mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme ulikwisha, na kesho yake shirika la serikali, UEDCL, likachukua kazi. Wateja wote wa Umeme walihama muuzaji usiku mmoja bila kugusa waya. Kompteri zao za kulipa kwanza, zile wanazoziita Yaka, zilibaki ukutani na namba zile zile. Iliwezekana kwa sababu nguzo na waya zilikuwa za taifa, kampuni ilizikodi tu. Mvutano ulibaki juu ya makuta: serikali ya Uganda ililipa dola milioni 118 kwa mali iliyoongezwa na Umeme, na Umeme ikasema inadai zaidi. Lakini mama anayepika chapati Kampala hakukatiwa umeme kwa sababu ya ugomvi huo.

Ufaransa wamefika mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2007 kila nyumba inaweza kubadilisha muuzaji, kwa sababu nguzo na kompteri ziko kwa msimamizi wa mtandao, ambaye pahali pengi anaitwa Enedis, naye anawapitisha wauzaji wote. Hata hivyo nyumba yenye kompteri isiyo ya kawaida inapata taabu hata Ulaya. Uingereza kulikuwa na nyumba nyingi ambazo kompteri zao zilipokea alama ya redio ili kuwasha joto la usiku kwa bei nafuu. Alama hiyo ilipangiwa kuanza kuzimwa tarehe 30 Juni 2025, na wenye nyumba walilazimika kubadilishiwa kompteri kwanza. Mashine ilikuwa imemfunga mtu kuliko mkataba.

Somo ni moja. Urahisi wa kuhama unategemea nani ni mwenye waya na nani ni mwenye kompteri. Bei nzuri inakuja nyuma ya hapo.

Liko jambo jingine ambalo fundi analijua na mteja mara nyingi halijui. Kompteri ya kulipa kwanza inayotumika pahali pengi Afrika inakubali namba ya tarakimu 20. Namba hiyo imefungwa kwa siri ya kompteri moja na ya muuzaji mmoja. Huwezi kununua umeme kwa kampuni B na kuuingiza kwenye kompteri ya kampuni A, mpaka ufunguo wa ndani ubadilishwe. Kompteri za namna hiyo duniani zote zilitakiwa kubadilishiwa ufunguo kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na watu wa Tanzania na Kenya wanakumbuka namba ndefu walizopewa waziingize. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza kompteri sokoni akisema "hii inakubali kampuni zote", umuulize kwanza nani ana ufunguo wake.

Parsele moja, nyumba sita

Sasa turudi nyumbani. Kasongo ni mji wa zamani. Ulikuwa mji mkubwa wakati wa Tippu Tip, kabla Wabelgiji hawajauteka mwaka 1893. Katika mji kama huo parsele ni ya ukoo: baba mkubwa mbele, watoto waliooa nyuma, mjane wa ndugu pembeni, na wapangaji wawili kwa kusaidia matumizi. Kampuni ikifika itapenda njia rahisi: parsele moja, kompteri moja, jina moja. Tatizo linaanzia hapo.

Kwanza, bei. Nchi nyingi zina bei ya chini kwa anayetumia kidogo. Tuchukue Tanzania. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa daraja la D1, ambaye kwa wastani hapitishi uniti 75 kwa mwezi, alilipa shilingi 100 kwa uniti bila kodi. Aliyepitisha akapandishwa daraja T1, akalipa 292. Weka sasa nyumba sita, kila moja uniti 20. Zikiwa na kompteri sita, zote ni D1: uniti 120 kwa shilingi 12.000. Zikiwa kwenye kompteri moja, uniti ni zile zile 120, lakini daraja ni T1: shilingi 35.040. Karibu mara tatu, na hakuna aliyewasha taa ya ziada. Msaada uliotengenezwa kwa ajili ya maskini unawapita maskini sababu wamekaa pamoja.

Pili, mkubwa wa kompteri anakuwa kampuni ndogo. Yeye ndiye anunuaye namba, yeye ndiye agawaye. Wengine wanafunga kompteri ndogo ya ndani kwa kila chumba, na hiyo ni haki kama bei ya uniti ni ile ile ya kampuni, pamoja na nyongeza ndogo inayojulikana. Lakini pahali ambapo mwenye nyumba anaweka bei yake, mpangaji amerudi kule kule kwa taa ya jirani, safari hii chini ya jina la kampuni. Na hawezi kulalamika ARE wala kwa kampuni, sababu kwa vitabu vyao yeye hayuko.

Tatu, deni na kifo. Deni la kompteri linamfuata nani: mtu, ao ukuta? Mpangaji mpya akiingia nyumba yenye deni la wa zamani, atalipa ao atakaa gizani? Mzee aliyeandikwa akifariki, mjane atabadilisha jina kwa karatasi gani, na kwa makuta gani? Katika mji wa parsele za ukoo, maswali haya yatafika kwa chefu wa kartie kila juma.

Kabambare ina taabu yake tofauti. Kuzunguka Salamabila watu wengi wanafuata dhahabu. Leo shimo liko hapa, mwezi ujao liko kilometa 10 mbele. Nyumba ni ya miti na turubai. Kompteri iliyopigiliwa ukutani haina maana kwa mtu ambaye ukuta wake unahama. Kule kinachofaa ni akaunti inayomfuata mtu kwa namba ya simu yake, na makuta yaliyobaki yasipotee akihama. Mipango ya pano za kukodi ambazo zinafunguka kwa malipo ya simu inaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Ukiipeleka Kabambare mkataba uliotungwa kwa Kindu, watu watarudi kwa grupe kabla ya mwaka kwisha.

Tunachotaka kiandikwe kabla ya nguzo

Mkataba wa umeme unadumu miaka mingi. Kinachosahauliwa siku ya kusaini, watoto wetu ndio watakilipa. Njo maana tunataka mambo manne yaandikwe mapema, na watu wa kuyaulizwa ni jimbo, ARE, ANSER na wabunge wetu wa pande hizi mbili.

La kwanza: kila jiko kompteri yake. Parsele isihesabiwe kuwa nyumba moja. Ikishindikana kwa sababu ya gharama, kompteri ndogo za ndani zikubaliwe kwa sharti kwamba bei ya uniti imebandikwa mlangoni, na bei ya chini ihesabiwe kwa idadi ya majiko.

La pili: deni ni la mtu. Lisikae ukutani kumngojea mpangaji mpya wala mjane.

La tatu: mkataba useme tangu mwanzo nguzo, waya na kompteri vitakuwa vya nani siku kampuni itakapoondoka, na ufunguo wa kompteri utapewa nani. Kampala ilikuwa na jibu la swali hilo. Goma mteja analijibu kwa mfuko wake.

La nne: wenye grupe na pano za kugawa waitwe mezani. Ni wao waliobeba taa za mji miaka yote hii. Wanajua kila nyumba, nani analipa na nani ana shida. Wakisukumwa nje watapigana na mradi, na waya zitakatwa usiku. Wakipewa kazi ya kuuza namba, kutengeneza waya za ndani ao kuuza umeme wa pano zao kwa mtandao, watakuwa mawakala wa kwanza.

Na wewe msomaji wa Kasongo ao Kabambare, usingoje wakubwa. Daftari ya shule inatosha. Andika mwezi mzima unalipa taa ngapi, saa ngapi, faranga ngapi, na ufanye hesabu tuliyoifanya hapo juu. Keti na watu wa parsele yako mwafikiane ni majiko mangapi yanayohitaji kompteri, na majina gani yataandikwa, pamoja na jina la mama mwenye nyumba. Siku mtu wa kampuni atakapokuja na kalamu yake kuuliza "Mwenye parsele ni nani?", mtaweza kumjibu kwamba swali lake halijakamilika, na kumpa orodha.